Zawadi za Macho Yangu

Miaka ile ya vita Butembo nzima ilikuwa inakonda, na mimi peke yangu nilikuwa nahangaika kukonda kwa makusudi. Aibu hiyo niliibeba kimya kimya. Nilikuwa mshonaji, cherehani yangu iko barazani, na wateja hawakuniletea tena vitambaa vipya. Walileta nguo za zamani nizipunguze kiuno. Nilimzungushia utepe mama niliyempima mwaka uliotangulia, nikaona unazidi kiganja kizima. Halafu nilirudi kukaa kwenye kiti changu, na kiti kikalia.

Ugonjwa wangu ulikuwa sukari. Ulianza na kiu, kisha ukapanda machoni. Asubuhi moja nilijaribu kupitisha uzi kwenye sindano, nikaona matundu mawili, na yote mawili yakawa ya uongo. Kwa hasira niliitupa sindano ile, kisha nikapoteza nusu ya asubuhi nikiitafuta sakafuni kwa kupapasa. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Dada yangu mkubwa, aliyeolewa Beni, alianza hivyo hivyo, na sasa alikuwa haoni hata mwanga wa mlango.

Nilikwenda kwenye zahanati ya parokia. Mtawa aliyekuwa akitibu pale, mwanamke mfupi asiyebembeleza mtu, alinionyesha kabati la dawa. Lilikuwa tupu. Malori ya dawa yalikuwa hayapiti.

"Mama, dawa hapana iko," aliniambia. "Punguza mwili, ama macho itaenda kama ya yaya yako, ule dada wa Beni."

Akanipangia: bugali kidogo, mboga za lengalenga nyingi, mawese tone tu, pombe ya kasiksi hapana kabisa, na kutembea kila siku. Kisha akaniambia kila nitakapofaulu nijipe zawadi, lakini isiwe ya kinywa. Nilimcheka. Kwetu mtoto akizaliwa tunakula, akishinda mtihani tunakula, mtu akirudi salama kutoka safarini tunachinja kuku. Hata milio ya risasi ikinyamaza, jambo la kwanza ni kuwasha jiko. Furaha isiyopita kooni nilikuwa siijui, na nilikuwa na umri wa miaka arobaini na mitatu.

Zawadi yangu ya kwanza ilikuwa ya kijinga. Utepe ulipopungua kiunoni upana wa kidole kimoja, nilijipa siku nzima ya kulala. Nilijifunika blanketi nikasikiliza harufu ya maharage ya jirani tangu asubuhi hadi saa nane, nikaamka nikayafuata. Nilikula mabakuli mawili, na jirani akafurahi sana kuona nimepata nafuu.

Ndipo nilipofikiri: ninayoyapigania ni macho, basi yalipwe macho yenyewe. Kila kidole kitakachopungua, nitayapeleka yakaone kitu.

Kidole kilichofuata niliyapeleka juu ya kilima nyuma ya mtaa wetu, baada ya misa ya asubuhi. Nilikuwa nimeishi chini ya kilima kile tangu kuzaliwa, na nilikipanda tu kutafuta kuni. Siku hiyo nilipanda bila kazi yoyote, nikipumzika kila baada ya mikaratusi kumi. Chini yangu ukungu ulikuwa umejaa mabondeni, na vilima vya Butembo vimetokeza vichwa tu, kimoja kimoja, na moshi wa majiko unapenya ukungu na kupanda wima. Mji ule uliokuwa umejaa askari na maneno ya kutisha ulikuwa mzuri namna ile, na hakuna aliyewahi kuniambia. Nilishangaa hadi nikasahau kwamba nina njaa.

Mara nyingine nilimwendea mfanyabiashara mmoja Mwislamu aliyeuza vitenge sokoni. Nilimwomba afungue robota zima nitazame. Alidhani ni ujanja wa kushusha bei, akanitajia bei ya chini kabla sijasema neno. Nilipomweleza kwamba sinunui, nina ugonjwa, natazama tu, alinikazia macho, akaagiza niletewe kiti. Alikunjua kitenge kimoja baada ya kingine: samawati iliyokolea, njano ya kiini cha yai, nyekundu ambayo sijapata kuiona tena. Nimeshika vitambaa maisha yangu yote na sikuwa nimevitazama. Nilikuwa navikata tu. Mzee yule aliniambia nirudi wakati wowote, na akaongeza kwamba mkewe pia ni mnene, pengine amlete.

Miezi ikaenda. Nguo zangu mwenyewe nilizipunguza mshono ndani ya mshono. Uzi ukaanza kuingia kwenye sindano mara ya tatu, kisha mara ya pili.

Lakini katika mji wa njaa, nani atakuamini kwamba umekonda kwa hiari? Majirani waliuona mwili wangu wakahesabu misiba: ameugua ule ugonjwa wa aibu, mumewe amepata mwingine, au haleti kitu nyumbani. Mume wangu, maskini, aliacha hata kwenda kukaa na wenzake. Jumamosi moja akina mama wa shirika letu, ile jumuiya ndogo ya sala ya mtaa, waliingia uani kwa mstari wakiimba, vikapu kichwani. Walileta unga wa muhogo, ndizi za makemba, maharage, chupa ya mawese, na kuku hai. Watu hao wenyewe walikuwa wanakula mara moja kwa siku.

"Tunaona uko unaisha," alisema mkubwa wao, "lakini hausemi kitu. Sisi tuko batu yako."

Nilitamani ardhi inimeze. Niliwaeleza habari ya sukari, ya macho, ya utepe. Walisikiliza kwa adabu, wakaniamini nusu, wakaniombea rozari nzima. Vikapu vyao hawakukubali kuvichukua, kwa sababu zawadi ya mgonjwa hairudishwi. Tulivibeba pamoja hadi shuleni, walikokuwa wamelala watu waliokimbia vijiji vya Kasugho. Kule niliona watoto wanavyoweza kukonda. Nilirudi nyumbani nikalia, na sikujua nalia kwa ajili ya nani.

Zawadi kubwa nilikuwa nimeiwekea kidole cha kumi: kwenda Beni kwa dada yangu, na kuona theluji ya mlima Ruwenzori. Njia ya Beni nilikuwa nimeipita mara nyingi nikifuata biashara, nimesinzia juu ya magunia. Mlima ule sikuwahi kuutazama hata mara moja. Kidole hicho kilipotimia nikasikia lori limeruhusiwa kupita, nikamtumia dada ujumbe kwa redio ya parokia, nikapanda. Vizuizi vilikuwa vingi, na kila kimoja kilitaka kitu chake, lakini jioni nilifika.

Dada yangu alikuwa amekaa mlangoni kwake. Aliijua sauti yangu, akanyoosha mikono, akanishika mabega. Mikono ile ikashuka kwenye mbavu, ikazunguka kiuno, ikarudi mabegani kutafuta mtu aliyekuwa pale zamani.

"Ni vita ilikukula hivi?" aliniuliza.

Ndani kulikuwa kumepikwa tangu mchana: kuku, bugali mlima mzima, sombe ya majani ya muhogo inayoelea kwenye mawese. Yote kwa ajili yangu, katika miaka ile. Nilimkalisha, nikamshika mkono, nikamweleza polepole maneno ya mtawa: kwamba sukari hula macho, kwamba mwili ukipungua sukari hutulia, kwamba macho yangu yamerudi. Nilisema kwa furaha, kama mtu aletaye habari njema. Nilikuwa katikati ya habari ya vitenge nilipoona uso wake.

"Miye hakuna mutu aliniambiaka," alisema.

Tangu aanze kuumwa watu walikuwa wakimletea chakula. Sisi sote. Mimi mwenyewe, kila nilipopita Beni, nilimletea mikate ya Butembo na chupa za soda, kwa sababu alikuwa mgonjwa na nilikuwa nampenda. Nilikula kipande kidogo cha kuku na mboga, naye hakunilazimisha. Jambo hilo halikuwahi kutokea katika ukoo wetu.

Kulipokucha yeye ndiye aliyeniamsha. Alinivuta mkono hadi nyuma ya nyumba, akanigeuza mabega akanielekeza mashariki, akasema nitazame kwa haraka, kwa sababu mawingu huja mapema. Nikatazama. Kwanza niliona weusi tu uliosimama juu ya misitu, mkubwa kupita nilivyofikiri kitu kinaweza kuwa. Kisha mwanga ukapanda nyuma yake, na juu kabisa, mahali nilipodhani tayari ni mbingu, theluji ikatokea. Nililitaja jina la Mungu, na si kwa mazoea.

Dada yangu alikuwa ameukaza mkono wangu.

"Iko namna gani leo?" aliuliza. "Uniambie yote."

Nikamwambia. Weupe wake, nikamwambia, haufanani na wa kitambaa chochote nilichowahi kushona. Upande wa kushoto kuna kilele kilichochongoka, na kingine kimeinama kidogo. Mwanga unapenya sasa kati ya vilele, unafika kwenye mabonde, una rangi ya waridi. Yeye alikuwa ameinua uso, anatabasamu, anaitikia kwa kichwa kila neno. Mawingu yakaja kutoka kusini, yakaufunika mlima wote, kukabaki kijivu kitupu mbele yangu. Mkono wake ulikuwa bado umeshika wangu. Niliendelea kumweleza.