Gari Lililotembea Tukitoka Chumbani

Siku ya kwanza lile gari la kuchezea kutembea lenyewe, dada yangu aliacha vyombo kwenye beseni akatoka nje mbio, mikono imejaa povu.

Mimi ni fundi simu. Siamini mashetani, naamini shoti.

"Waya zinagusana tu," nikamwambia.

Lakini moyoni sikutulia.

Gari nililitengeneza kwa ajili ya binti yake wa miaka sita. Tunamwita Bosi, maana nyumba nzima inamtumikia. Mikono yake haimtii, na maneno hayatoki. Anachomudu ni kugeuza kichwa.

Basi nikafungua rimoti, nikavuta waya mbili hadi kwenye kitufe kikubwa, nikakifunga kando ya kichwa chake kwenye kiti cha magurudumu. Akikigusa kwa shavu, gari linazunguka. Akiachia, linasimama.

Kazi safi. Tatizo, Bosi habonyezi.

Wiki mbili! "Bonyeza, mama! Bonyeza basi!" Tunampigia makofi, tunampigia magoti. Anatutazama tu kama watu wa bima.

Nikahamishia kitufe kushoto. Nikarudisha kulia. Nikakilainisha. Dukani nafungua simu za watu, akili iko kwenye shavu la mtoto.

Ijumaa alikuwa anakuja mwalimu wa darasa la watoto wenye ulemavu, kumpima kama anaweza kujiunga.

"Mdogo wangu, ondoa huo mtambo," dada akasema. "Sitaki mwalimu aanze kwa kuona kitu ambacho mwanangu hakiwezi."

Iliniuma.

Na gari likazidisha vituko. Tukiwa jikoni tu, vrrr! Tukiingia, kimya. Bosi kageukia dirishani, mpole kama mgeni.

Nililifungua mara tatu. Shoti sikuiona.

Alhamisi mchana nikategesha simu juu ya kabati, inarekodi, tukatoka.

Vrrr!

Tukarudi, nikafungua video. Dada kaniegemea begani.

Tunatoka. Bosi anautazama mlango. Anasubiri. Anasogeza shavu, gari linazunguka, mwili wote unacheka. Nyayo zetu zinasikika. Anaachia kitufe, anageukia dirishani, anabana midomo.

"Huyu mtoto..." dada akashindwa kumalizia. "Huyu mtoto anatuchezea akili!"

Tukamgeukia. Akajua kakamatwa. Akaangua kicheko mpaka mate yakamtoka, na mama yake akawa anacheka huku analia.

Ijumaa mwalimu alipofika, hakuulizwa habari za safari. Dada alimwambia, "Tafadhali toka nje ya mlango, halafu utushtukize."

Alitoka mara saba; kila akitoka, vrrr! Akiingia, kimya. Mara nne za mwisho aliomba mwenyewe.

Jumatatu Bosi akaanza darasa.

Ndugu zangu, ukimtengenezea mtoto kitu cha kuchezea, mpe, halafu mpishe. Mimi nilimletea mchezo nikausimamia kama mtihani. Yeye akabuni wa kwake, na midoli tulikuwa sisi.