Siku Mama Alipokililia Kidege Changu

Mwaka wangu wa mwisho chuoni London, miaka ya elfu mbili na kitu, nilipewa kazi ambayo mama hakuipenda hata chembe: kuunda kidege cha majaribio kisicho na rubani, cha jeshi. Kiende mbali, kipeleleze, kirudi.

"Kuchungulia watu?" mama akauliza, unga mikononi, jikoni kwetu Barking, hukohuko London. "Basi si ungebaki Unguja, majirani wakakufunza bure!"

Nilicheka, lakini roho ilikuwa juu. Kidege kilikuwa na injini ya petroli ya kukifikisha mbali, na mota ya umeme. Kikifika, injini inazimwa, mota inabaki peke yake kuzungusha panga za kukirusha, na watu wa chini hawasikii kitu. Kisha mota hiyohiyo inaiamsha injini hukohuko angani ili kirudi. Ukisimuliwa, rahisi. Wacha wee! Kila tulipojaribu, injini ilikataa kuwaka na kidege kikaishia matopeni. Mwalimu akaniambia hili ndilo jaribio la mwisho. Nikishindwa, narudia mwaka mzima, na kazi niliyoahidiwa anapewa mwengine.

Mama akasema anakuja. Nani wa kumzuia? Alikuja na chupa ya chai, sambusa, na kanga begani juu ya koti la baridi. Ndani ya basi nilimweleza kila kitu, mota na injini, naye akaitikia "ehe, ehe" huku akiangalia sambusa zisipondeke.

Uwanjani kidege kikapaa kwa makelele, kikapotelea mawinguni. Nikaizima injini kwa rimoti. Kimya.

"Yarabi!" mama akapiga ukelele. "Kimekufa!"

Kabla sijafungua mdomo, alishanikumbatia kama mfiwa. Akanifunika kanga, kichwa na rimoti vyote ndani. "Pole mwanangu. Ndiyo amri ya Mungu. Mola atakupa kingine."

"Mama, niachie! Hakijafa!"

"Sema mwanangu, sema. Usiweke moyoni."

Mimi nabanwa, yeye analia, na betri inakwisha! Nilikasirika, nikataka kucheka, nikaogopa, vyote kwa pamoja. Gizani mle ndani ya kanga nikapapasa kwa kidole gumba mpaka nikaipata swichi. Nikaibonyeza. Hakuna kitu. Nikabonyeza tena, nikisoma kila dua niliyofunzwa chuo cha Kurani utotoni.

Juu kule, kitu kikakohoa. Kikakohoa tena, kisha kikanguruma. Sijapata kusikia sauti tamu kama ile.

Mama akaniachia, macho mbinguni. "Kumbe kizima?"

"Kizima muda wote, mama!"

Mwalimu, Mwingereza mpole, alikuwa amesimama kando asijue aangalie wapi. Akaniomba nimuulize mama: tangu injini izimwe, amesikia sauti yoyote, hata ndogo?

Mama akafuta machozi kwa ncha ya kanga, akamtazama juu mpaka chini.

"Huyu naye! Mwambie ningekuwa nasikia, ningelia?"

Nikamtafsiria. Mwalimu akacheka mpaka akakaa kwenye majani yenye maji, akanipa mkono kutoka hukohuko chini, akasema nimefaulu. Mama hakungoja tafsiri. Alipiga vigelegele mpaka mbwa wa watu wakaanza kubweka.