Chubwi la Cephas

Kizito hutua kwanza. Hilo analijua kila mwanamke wa vidimbwi vya Masara, hata mimi Benta, ambaye mume wangu anadai sijui kupika hata maji. Tope likiingia kidimbwi cha kwanza, mchanga mzito unabaki pale mdomoni. Tope jepesi linasonga hadi cha pili, na cha tatu kinapata maji ya kuoshea dhahabu tena. Ole wake anayekoroga.

Mwenzetu Phelesia alijichagulia mdomo wa kidimbwi cha kwanza, mahali pa kuvunja mgongo. Sababu ilikuwa mumewe, Cephas.

Mvua ya mwaka juzi ilijaza shimo la dhahabu walimochimba Cephas na wenzake, likaporomoka. Hakuna aliyemwona Cephas akishuka asubuhi hiyo. Wengine walisema alishavuka kwenda migodi ya Tanzania, na Phelesia akalishika neno hilo kwa mikono miwili. Sasa mwenye shimo alikuwa akivuta tope kwa pampu, nalo lilikuja kwetu.

Cephas alikuwa mtu wa Muhuru Bay. Uvuvi aliuacha, lakini shingoni alivaa chubwi, kile kipande cha risasi kinachozamisha nyavu, kwa uzi wa nailoni wa kijani. Phelesia alipapasa kila konzi ya mchanga akiomba asilipate.

Kila Jumapili baada ya kanisa alikuja Bonface, mdogo wake Cephas.

"Shemeji, wacha tuzike yago. Wazee wamechoka kungoja."

Kwetu, maiti isipopatikana, tunazika yago, tunda refu zito la porini, ili mwenyewe apumzike.

"Unataka kuzika mtu ako Tanzania?"

"Na mbona hapigi simu?"

"Simu yake ilikuwa mbovu."

Simu gani hiyo, mbovu miaka miwili! Lakini nani angemwambia? Alimtamani mumewe, tena sana. Mwanamke anayeshinda majini, na kulikuwa na shati moja la Cephas nyumbani alilokataa kulifua.

Mwezi uliopita mkono wake ulisimama ndani ya tope. Nilidhani chupa imemkata. Akautoa polepole, na kiganjani mlikuwa na chubwi, uzi wake bado umefungwa.

Hakulia. Aliliachia, likazama palepale.

"Benta, umeona kitu?"

"Sijaona, Phelesia."

Mchana pampu ilizimwa. Wenzetu walienda kula, yeye akabaki amekaa ukingoni, nami nikabaki naye. Tope likashuka kidogo kidogo, maji yakaanza kung'aa. Chubwi lilikuwa limefunikwa, ila uzi wa kijani ulisimama juu ya tope, ukichezacheza.

Akauvuta. Akalisuuza chubwi kwenye kidimbwi cha tatu, akalivaa.

Jumapili Bonface alipofika, Phelesia hakumpa nafasi hata ya kuketi.

"Shem, tafuta yago kubwa," alisema. "Cephas alikuwa mrefu."