Majina ya Ubatizo Yaliyompitisha Binti Yangu

Nilisoma miaka mitatu tu kwa masista, lakini jina nikilisikia mara moja halinitoki. Serikali ilipokataza majina ya ubatizo na kila mtu akachukua jina la mababu, mimi nilibaki nayo yale ya zamani, ya watu wote wa avenue yetu, barabara ya mtaani pale Naviundu. Hapa siyaandiki, wenyewe sikuwaomba ruhusa.

Mwaka ule binti yangu mkubwa aliangushwa na Kiingereza. Kulikuwa na mtihani wa pili. Akianguka tena, anarudia mwaka mzima. Mwalimu aliwapa orodha ya mizizi ya Kilatini, akasema ukishika mzizi mmoja, maneno mengi ya Kiingereza yatakufungukia. Binti alisoma jikoni huku nikisonga bukari, ugali wetu, akaanza kulia.

"Mama, hii bintu haiingie mu kichwa."

"Soma moja."

"Pac. Ni amani."

Nikacheka. Zamani padri alitueleza maana ya kila jina siku ya ubatizo, na jina la amani, linaloanza na Pac hiyohiyo, alipewa jirani yetu, yule aliyegombana bombani na kila mwenye ndoo. Nikamnong'oneza binti, maana majina yale hayakutakiwa kusikika.

"Yee! Ule mama wa makelele?"

"Ni yeye. Endelea."

Vict, kushinda: fundi cherehani, aliyefungwa kwenye mchezo wa dama kila Jumapili. Luc, mwanga: mama muuza makaa. Fid, uaminifu: hapo nikasita, kwa sababu mwenye jina hilo alikuwa na bibi wa pili kule Makomeno, mtaa mwingine, na avenue yote ilijua. Binti akacheka mpaka akashika tumbo. Mizizi haikumtoka tena.

Kwenye mtihani alikuta neno asilowahi kuliona, "pacify". Alimwona kichwani jirani na ndoo zake, akaandika: kutuliza, kuleta amani.

Alipita. Nawashukuru hadi leo watu wa avenue ile, ambao hawakujua walikuwa wakifundisha. Jirani wa bombani peke yake ndiye aliyejua, kwa sababu nilimtuma binti ampelekee sahani ya vitumbua, na binti akamwambia sababu.

Yule mama akaja nyuma ya nyumba yake na kushusha sauti, jambo ambalo hatukuwahi kuliona. Halafu akaniita kupitia ukuta wa nyuma.

"Mama ya mutoto, ile jina yangu, ungali unaikumbuka?"

"Ninaikumbuka."

"Basi uniite nayo mara moja tu. Polepole."

Nikasogea karibu na ukuta, nikamwita.