Tarumbeta la Papa Bonaventure

Tangu arudi kutoka machimbo ya dhahabu ya Lulimba, Papa Bonaventure alikuwa na sheria moja mezani: bugali na ndagala, vile visamaki vya ziwani, basi.

"Majani ni chakula ya bambuzi," alisema. Mkewe Anastasie, aliyelima mchicha, lenga-lenga, nyuma ya nyumba yao pale Baraka, akaipeleka yote sokoni.

Mdomo huohuo ndio uliopuliza tarumbeta la kwanza katika fanfare, bendi ya kanisa, na hakuna bibi harusi aliyeingia bila yeye. Sasa zilibaki wiki tano kabla ya harusi ya Ketsia, binti yake mwenyewe. Siku hiyo kwenye mazoezi alivuta pumzi, akapuliza, ikatoka sauti ya bata aliyekanyagwa. Alipoliondoa tarumbeta mdomoni, lilikuwa na damu.

Élie, mpiga ngoma, akaangua kicheko. "Papa Bona, unaipiga ao unaikula?"

Bonaventure hakucheka. Ketsia aingizwe na nani? Na Élie na ngoma yake?

Kwenye kituo cha afya, muuguzi Fanny alitazama ufizi uliovimba.

"Papa, tunda ya mwisho ulikula lini?"

Akafikiri. "Noeli."

"Ya mwaka gani?"

Akaanza kuhesabu kwa vidole.

"Damu hii ni ya kukosa matunda na majani. Hakuna sindano. Kula mapera, machungwa, papai, nyanya, lenga-lenga. Kila siku, Papa! Mwili hauweke akiba."

Alitoka amenuna, maana alitaka dawa inayouma. Tuko wengi wa namna hiyo: udongo wetu unaotesha hata fimbo, nasi tunauza mapera tununue biskuti, kisha tunajipanga mlangoni kwa daktari!

Nyumbani Anastasie alimwekea sahani iliyojaa kijani.

"Mama Ketsia, hii yote?"

"Ni nusu. Ingine iko mu nyungu."

Wiki ya kwanza alimeza kama mtu anayemeza kwinini. Wiki ya pili damu ikapungua. Wiki ya nne Anastasie alimkuta juu ya mpera wa jirani.

"Papa Ketsia, shuka! Utavunjika harusi iko karibu!"

"Niko nakunywa dawa!"

Siku ya harusi alisimama mlangoni pa kanisa, akapuliza. Sauti ikatoka safi, ikapita juu ya mabati mpaka ziwani. Fanfare ikamaliza wimbo. Yeye hakumaliza. Ketsia, jasho likimtiririka ndani ya shela, akamvuta koti.

"Papa, inatosha. Tuingie."

Bonaventure akainua kidole kimoja: ubeti mmoja tu.