Kwenda Meru Kumtafuta A. E. Urio

Nilisafiri kwenda Arusha kwa sababu nilikuwa nimepongezwa kwa kazi ambayo sikuifanya. Mimi ni mhadhiri wa Kiswahili katika chuo kimoja hapa Dodoma. Jina langu ni Aminieli Urio, na kwenye makala zangu huandika A. E. Urio. Nilipoomba kupandishwa cheo, fomu ilitaka nioneshe makala zangu zimenukuliwa mara ngapi na watafiti wengine. Nikafungua ule mtandao unaohesabu mambo hayo. Ukaniletea orodha ndefu ya makala za A. E. Urio na kuniuliza kama zote ni zangu. Nilikuwa na rundo la mitihani ya kusahihisha. Nikabonyeza "ndiyo" bila kuisoma.

Baada ya wiki mbili, mwenyekiti wa kamati ya vyeo, Profesa Chiwanga, aliniita ofisini kwake. Ni mama mpole ambaye hapandishi sauti hata kidogo, na ndiyo maana tunamwogopa.

"Hongera, mwalimu," alisema. "Umenukuliwa kuliko mtu yeyote katika idara yenu. Nina swali moja tu. Hii minyoo ya punda uliitafiti lini?"

Tulisoma orodha pamoja. Makala tatu zilikuwa zangu. Nyingine zote zilihusu minyoo, kwato na vidonda vya mgongoni vya punda wa mkoa wa Arusha. Tulipoziondoa, nikabaki nimenukuliwa mara kumi na moja, na kati ya hizo mara nne nilijinukuu mwenyewe. Profesa alinipa hadi Ijumaa nimlete barua yenye sahihi ya huyo A. E. Urio mwingine, ikieleza zipi ni zake na zipi ni zangu. Nilimwandikia barua pepe tatu. Zote zilirudi.

Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, nilipanda basi la Arusha kupitia Kondoa na Babati. Njiani nilijiandaa kwa kusoma makala zake. Abiria aliyekaa nami, mzee mwenye kofia ya sufu, alitazama picha ya utumbo wa punda kwenye simu yangu, akaniuliza kama mimi ni daktari. Nikasema ni mwalimu wa Kiswahili. Akahamia kiti cha nyuma nafasi ilipopatikana Babati.

Jioni nilifika Arusha. Wingu lilikuwa limeufunika mlima wote wa Meru, kwa hiyo siwezi kusema niliuona. Nililala gesti moja Sakina, pembeni ya barabara ya Nairobi. Nilichagua Sakina kwa sababu naifahamu. Miaka minne iliyopita nilikaa kwenye gereji za pale mwezi mzima, nikikusanya maneno ya mafundi wa magari, na makala niliyoitoa ndiyo pekee katika kazi zangu iliyosomwa na watu nisiowajua. Kiini chake kilikuwa neno moja. Niliandika kwamba mafundi wa Sakina wakichukua spea ya gari la aina moja na kuifunga kwenye gari la aina nyingine, spea hiyo huiita shemeji, kwa maana si wa damu ila amekuja kukaa. Nililifurahia sana neno hilo. Nililiandikia kurasa sita.

Jumanne asubuhi nilikwenda kwenye ofisi ya mifugo iliyotajwa chini ya makala za punda. Mlinzi aliniambia Daktari Urio alistaafu mwaka jana.

"Anakaa Nkoaranga, juu huko," alisema. "Lakini leo Jumanne utampata Nduruma. Jumanne ni ya punda."

"Yeye ni mtu wa namna gani?"

Mlinzi alifikiri. "Usiende na viatu hivyo."

Sikuwa na viatu vingine. Saa tano nilishuka kwenye bodaboda huko Nduruma, mashambani, mahali punda kama ishirini walikuwa wamefungwa kwenye ua wa miti. Katikati yao alisimama mama mfupi mwenye nywele nyeupe, amevaa gambuti, ameshika bomba la dawa. Nilikuwa nimemtafuta mwanaume siku zote, na barua pepe zangu zote zilianza na "Mheshimiwa Bwana".

"Shikamoo, mama. Namtafuta Daktari A. E. Urio."

"Marahaba. Ndiye mimi, Aikaeli. Mshike huyu kichwa."

Nikamshika. Sikupewa nafasi ya kueleza kwamba mimi ni mtu wa isimu. Punda wa kwanza alinikanyaga, wa pili akanipaka dawa yake kwenye shati, na kufikia wa tano nilikuwa najua kumwinua kidevu asiteme. Tulipomaliza, kama saa nane, ndipo aliponiuliza jina langu.

"Mimi pia ni A. E. Urio, mama."

Alinitazama kutoka kwenye viatu hadi kwenye nywele. "Kumbe ndiye wewe," alisema. "Panda gari, twende nyumbani ukanawe."

Alasiri tulipanda kwenda Nkoaranga kwa gari lake la zamani, migomba na mibuni ikituzidi kimo pande zote mbili. Nilikuwa nasikia baridi na ninanuka punda. Alinipa maji ya moto, shati la marehemu mumewe, na sahani ya loshoro, mahindi na ndizi zilizopondwa pamoja na maziwa ya mgando. Nikamweleza shida yangu yote, pamoja na kule kubonyeza "ndiyo".

"Kwa hiyo kuna mashine inahesabu nani kanitaja?"

"Ndiyo, mama."

"Na mimi nimetajwa sana?"

"Sana. Mpaka Brazili."

Alicheka kidogo, akamimina chai. "Sasa mwanangu, mimi nimeshastaafu. Hakuna wa kunipandisha cheo, na punda hawajawahi kuniuliza nimetajwa mara ngapi. Kama hesabu hiyo inakusaidia, baki nayo. Nitakuandikia barua kwamba tuliandika wote."

Ningependa kuwaambia nilikataa palepale. Sikukataa. Nilikunywa chai taratibu, nikawa nawaza mshahara mpya na kibao cha mlangoni kilichoandikwa Mhadhiri Mwandamizi. Yeye aliinuka, akaenda chumbani, akarudi na faili.

"Nami nina kitu chako," alisema.

Ndani ya faili kulikuwa na barua ya mtafiti kutoka Ujerumani, aliyesoma makala yangu ya mafundi. Jarida halikuchapisha anwani yangu, basi akalitafuta jina, akampata Daktari Aikaeli. Aliuliza kama neno shemeji linatumika pia kwenye gereji za Moshi.

"Nilidhani ni mtu amechanganyikiwa," alisema Daktari Aikaeli. "Lakini alikuwa ameuliza kwa adabu. Ningemwachaje bila jibu? Nikashuka Sakina siku ya mapumziko, nikaenda kuwauliza mafundi. Siku nyingine nikaenda Moshi."

"Ulikwenda mpaka Moshi kwa swali la makala yangu?"

"Nilidhani ni makala yangu. Nilifikiri nimezeeka, nimeandika nikasahau." Akanikabidhi nakala ya jibu lake, kurasa mbili, mwandiko mzuri wa daktari wa zamani. "Soma hapo chini. Sitaki kukuumiza, lakini ni bora uone mwenyewe."

Pale chini alikuwa ameandika kwamba Moshi hawalijui neno hilo, na kwamba fundi mmoja wa Sakina alikiri kulibuni siku alipohojiwa na mwalimu.

Nikasogeza kikombe pembeni. Nilimwomba barua ya kweli, inayotenganisha kazi zake na zangu. Aliiandika pale pale mezani, akatia sahihi, na shati nikaambiwa nibaki nalo.

Jumatano saa tatu asubuhi nilikuwa Sakina, kwenye gereji ya fundi Lomayani, yule niliyemshukuru kwa jina kwenye ukurasa wa mwisho wa makala. Alikuwa chini ya gari. Nikauliza miguu yake kama ni kweli.

Alitoka taratibu, akajifuta mikono. "Mwalimu, siku ile ulikaa hapa tangu asubuhi unauliza kila kitu kinaitwaje. Tukafika kwenye ile pampu ya gari lingine. Sisi tunaiita pampu. Wewe kalamu iko juu, unasubiri. Nikaona aibu kukuangusha. Nikasema shemeji."

"Ulinidanganya, Lomayani."

"Nilikusaidia."

Tukiwa bado tumesimama hivyo, mteja mmoja aliingiza gari, akatoa kichwa dirishani. "Fundi, ile dinamo uliyonifungia juzi ni yake au ni shemeji?"

Lomayani aliinamisha macho. "Tulianza kwa kukucheka wewe," aliniambia. "Sasa tumezoea. Siku hizi hata wauza spea wanasema hivyo."

Alhamisi nilirudi Dodoma. Safari nzima nilijiuliza: makala yangu ilikuwa ya uongo siku niliyoiandika, na sasa imekuwa ya kweli. Je, nimefanya utafiti, au nimeeneza uvumi uliofanikiwa?

Ijumaa niliisoma barua ya Daktari Aikaeli mbele ya kamati. Kisha nikaeleza habari ya shemeji, ingawa hakuna aliyekuwa ameniuliza. Wajumbe walicheka mpaka mmoja akavua miwani. Profesa Chiwanga hakucheka. Alisema kupandishwa kwangu kutasubiri hadi nichapishe masahihisho, na akaongeza kwamba angependa kuyasoma.

Masahihisho tuliyaandika wawili, mimi na Daktari Aikaeli, kwa simu na kwa subira yake kubwa. Humo tumeeleza neno lilivyozaliwa, na nani alilizaa, na kwamba Moshi bado hawalitaki.

Nilichojifunza nakiweka wazi kwa wenzangu wanaojaza fomu mwaka huu. Watu saba walininukuu kuhusu neno lile, na watatu kati yao niliwafundisha mimi. Hakuna hata mmoja aliyekwenda Sakina kuuliza. Aliyekwenda ni daktari wa punda, naye hakuninukuu popote.