Mapezi Mafupi

Dada yangu alipohamia Dodoma aliniachia ubao wake wa kulalia juu ya mawimbi, lakini mapezi yake ya mpira ya kuvaa miguuni yalinipwaya. Nikaenda sokoni Chuno kwa mama mmoja muuza mitumba, nikashika marefu nikidhani ndiyo yenye nguvu.

“Hayo ni ya wazamiaji, mwanangu,” alisema, akanisogezea ndoo ya maji. “Lowesha miguu kwanza, uvae, kisha utikise.”

Marefu yalichomoka. Mafupi, yaliyochubuka kidogo, yalishika kisigino bila kuuma. Nikayachukua.

Jumapili, pale ufukweni Shangani, wimbi lilinipindua na kunipokonya ubao. Nilipiga miguu kwa hofu, mapezi yasichomoke, nikaudaka kabla haujagonga mawe. Nikapumua kidogo, nikaulalia tena.